Mjumbe wa Hail Sidri na Mkate wa Kaltham

Muatasim bin Marzouq ni mjumbe wa Majlis Shura, ndilo bunge la Omani. Kila kura zikikaribia picha yake hutundikwa kwenye nguzo za barabara, kilemba kimefungwa vizuri, jambia kiunoni, macho yanatazama mbali kama kwamba huko kuna kitu. Hakuna kitu. Mie nimemlea, najua.

Mke wangu Kaltham alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Sote wawili tulizaliwa Unguja mjini. Tulikuja Omani vijana, baada ya mambo ya sitini na nne, tukakaa Hail Sidri kwa kuwa ndiko walikotoka babu zake Kaltham. Ni mji mdogo wa mitende huku Sharqiyah, si mbali na Ibra. Una falaji moja, mfereji wa kunyweshea mitende, misikiti miwili na sabla moja. Sabla ni ukumbi wa mji. Wanaume hukaa humo kwa kahawa, kwa harusi na kwa msiba. Mie nilikuwa dereva wa lori la maji mpaka macho yalipochoka.

Hatukujaaliwa mtoto. Marzouq, kaka yake Kaltham, alikufa kwa gari barabara ya Sur, mkewe akaolewa kwingine, na mtoto akaletwa kwetu hajang'oka hata jino. Kaltham alimpokea kama kamzaa jana.

Alikuwa mtoto wa kawaida. Mwoga wa mbwa, mlafi wa mkate wa kumimina. Kaltham akiroweka mchele jioni, mtoto halali vizuri. Asubuhi mchele unasagwa na tui la nazi, unatiwa hamira na iliki, ukishaumuka unamiminwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Muatasim alikuwa akikaa mbele ya jiko lile kama paka. Kiswahili ndicho alichokijua kwanza. Kiarabu alikikuta skuli.

Skuli wenzake wakamwita Zinjibari. Siku moja alirudi kanzu imechanika begani.

"Wananiita Zinjibari, Shangazi."

"Kwani uongo?" Kaltham akamwambia, anamvua kanzu. "Waambie ndiyo. Na wao je, wameota hapa kama mitende?"

Hakuwaambia. Alifanya jengine. Aliamua kuwa mtu wa ndani kuliko watu wa ndani wenyewe. Akajifunza Kiarabu cha wazee wa mashambani, maneno ambayo hata Sinan, jirani yangu aliyezaliwa hapa na babu yake kazaliwa hapa, alikuwa hayatumii tena. Akifungua mdomo ungesema kazaliwa juu ya mtende.

"Kijana wako huyu," Sinan aliniambia, "akizungumza namkumbuka marehemu babu. Tafauti babu alikuwa na la kusema."

Serikali ikampeleka kusoma mambo ya mafuta Skotlandi, mji wa Aberdeen. Alirudi na shahada, na picha moja kubwa ndani ya fremu. Kwenye picha yumo yeye na mzungu mmoja wanashikana mikono kwenye mvua. Mzungu yule alikuwa mbunge, wa chama cha Waskoti wanaotaka nchi yao ijitoe kwa Waingereza. Jina lake Muatasim alilitaja sana. Sikulishika.

Picha ikatundikwa ukutani kwetu, juu ya kabati la vikombe. Jioni za mwanzo alikuwa hana mazungumzo mengine.

"Ami, nilikuwa namfuata nyumba kwa nyumba, namshikia mwavuli. Mtu yule akiingia nyumba ya mvuvi anasema kama mvuvi. Akienda London anasema kama watu wa London."

"Kwao wapi sasa?"

"Ndiyo siasa, Ami. Anawaambia watu wake, nyinyi si wale. Basi. Watu wanampenda kwa neno hilo moja."

Kaltham alikuwa anapepeta mchele. Siku zote akisikia khabari za mtu mkubwa huuliza neno moja.

"Ana mama?"

Muatasim akacheka. "Mama yake Mwingereza, Shangazi. Mwingereza khasa. Siku za kura humpeleka kwa dada yake, mbali huko, asije akafungua mdomo mbele ya watu wakamsikia."

"Na mama anakubali?"

"Atakataaje? Mwanawe mbunge."

Kaltham akaweka ungo chini, akasema anakwenda kutazama sufuria. Jikoni hakukuwa na sufuria motoni.

Muatasim akapata kazi nzuri Maskati, akaoa huko huko, akajenga huko huko. Nyumba ya ghorofa mbili na bustani ya majani inayonyweshwa asubuhi na jioni. Hail Sidri alikuwa akija Ijumaa. Anasali, anapiga picha kwenye falaji, anarudi kabla ya alasiri. Na hapo ndipo alipogundua kwamba Hail Sidri inaonewa.

Sisi tuko chini ya wilaya ambayo mji wake mkubwa uko upande wa pili wa jabali. Kwenda ofisini tunakwenda kule. Hakuna aliyekuwa akilia kwa hilo. Muatasim ndiye aliyekuja kutufundisha kulia. Akasimama sablani akasema, "Hail Sidri si watu wa mji ule. Hail Sidri ina asili yake na mila zake. Hail Sidri lazima iwe wilaya."

Sinan, ndiye mkubwa wa sabla yetu, akaniinamia sikioni. "Mila gani hizo, Khalaf?"

"Sijui," nikamwambia. "Waulize Maskati."

Akagombea Shura. Koo mbili kubwa za mji ule mwengine ziligombana, zikagawana kura, na huyu akapita katikati. Akasema Hail Sidri imeamka. Siku ile ilikuwa na joto, Hail Sidri ilikuwa imelala.

Basi akenda kukaa kwenye baraza kwa kura za wilaya anayotaka kuikata. Hilo halikumkera hata kidogo. Nilimuuliza mara moja, akanionyesha picha ya Mskoti ukutani. "Hata yeye alikuwa akikaa bunge la London, Ami." Kama kwamba hilo ni jibu.

Kazi alizofanya ni hizi. Alisimamisha ubao mkubwa mlangoni mwa mji wenye jina letu na alama ya mkunazi, maana ndiyo sidri hiyo. Mchoraji alikuwa mtu wa mjini, mkunazi ukatoka kama koliflawa. Mbuzi hukaa kwenye kivuli chake. Alitia sabla yetu marumaru, akatia mlango mpya, kufuli mpya, na ufunguo akampa mlinzi wake, akisema sabla sasa ina kamati na yeye ndiye mwenyekiti. Zamani ilikuwa haina kufuli. Zahanati yetu ilikuwa ikifungwa adhuhuri, na mpaka leo inafungwa adhuhuri. Hotuba alitoa nyingi.

Wageni wake wakija mjini walikuwa wakila kwetu, kwa sababu yeye hapa hana nyumba. Siku moja alimfuata Kaltham jikoni. Mie nilikuwa mlangoni, nakata nyama.

"Shangazi, mbele ya wageni sema Kiarabu."

"Nasema."

"Kile chako kina Kiswahili ndani."

"Kiarabu changu ndicho hichi," Kaltham akamwambia. "Ukitaka kizuri zaidi kaninunulie Maskati."

Hakucheka. "Basi wakiwapo ukae ndani tu. Na hizo kanga, usizianike mbele. Watu wataanza tena maneno ya Zinjibari."

Kaltham akatazama mikono yake. "Haya, baba."

Tokea siku ile wageni wakija alikuwa akikaa ndani. Nyumba yake mwenyewe. Yule Mskoti sikupata kumwona, lakini mama yake namjua.

Niseme jambo jengine la Kaltham. Tokea tulipohamia hapa, mtu akifa Hail Sidri, awe nani, siku ya arobaini Kaltham hupika mkate wa kumimina akaupeleka nyumba ya msiba. Watu wa hapa walikuwa hawana arobaini. Wana siku tatu za aza, ndiyo matanga yao, kahawa, kisha kila mtu shughuli zake. Mie nilikuwa nikimwambia, "Wanapokea kwa adabu tu, wewe ukigeuka wanawapa kuku."

"Basi kuku wao wamenona," alikuwa akinijibu.

Akaugua sukari. Alasiri zahanati imefungwa, nikawa nampakia gari mpaka mji ule wa upande wa pili. Nikitaka kumpigia Muatasim, hukataa. Usimsumbue, ana kazi. Mwishoni alinambia neno moja. Tulikuwa uani, miguu yake imevimba, nimeitia kwenye beseni la maji.

"Khalaf, arobaini yangu isomwe sablani. Usinifanyie uani. Nimekaa ndani vya kutosha."

Nikamwambia itasomwa sablani.

Alikufa asubuhi, chai yake haijapoa.

Aza Muatasim aliisimamia yeye. Kweli ilikuwa nzuri. Watu wa wilaya nzima walikuja sablani, alisimama mlangoni siku zote tatu anashika mikono, maana kura zilikuwa karibu. Wanawake walikuwa nyumbani kwangu. Siku ya mwisho aliingia uani na wakubwa wawili wa mji ule wa upande wa pili, na Bi Fakhriya akamwona. Bi Fakhriya ni mwenzake Kaltham tokea Unguja, mtu mzima sasa, goti bovu.

"Mua," akamwita kwa Kiswahili, "njoo uniamkie, baba. Mie ndiye niliyekuwa nikikufunga nepi."

Muatasim akamjibu kwa Kiarabu, kile cha babu yake Sinan. "Mungu akulipe kheri, mama. Umetukirimu." Akapita na wageni wake.

Bi Fakhriya akanigeukia. "Kanijibu kama mtangazaji wa redio," akasema.

Nilingoja watu waondoke. Nikamkuta ndani ya gari lake, mashine ya baridi inavuma.

"Arobaini ya shangazi yako," nikamwambia. "Aliusia isomwe sablani."

Akahesabu kwa vidole. "Ami, hiyo ni wiki ya kura."

"Ndiyo siku yake."

"Hayo mambo ya Unguja. Watu wa huku hawana arobaini. Wataniambia naleta bidaa ndani ya sabla yao, na mie nimesimama kuwaambia tuna mila zetu."

"Zipi?"

Akapunguza mashine ya baridi. "Tuifanye Maskati. Nitakodi ukumbi wa hoteli, waje Waswahili wote, wapike biriani. Huko hakuna neno."

"Yeye kazikwa hapa."

"Basi baada ya kura. Au uani kwako, kimya kimya. Ami, nielewe. Nimehangaika maisha yangu yote mpaka watu hawa wakaniona mwenzao."

Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya kanzu kuchanika. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikamkumbuka Kaltham na miguu yake ndani ya beseni, ikaniisha.

"Ufunguo uko kwa mlinzi wako?"

"Ufunguo hautatoka, Ami," akasema, akafunga kioo.

Siku ilipofika nilipanga kufanya uani. Sikuwa na njia. Bi Fakhriya na wanawake watatu wanne wa nyumba za Kiswahili walikuja tokea alfajiri, wakaroweka, wakasaga, wakawasha makaa. Nilitandika mikeka. Nilijua watakuja watu wachache, tutasoma, tutakula, na ahadi yangu kwa Kaltham itakuwa imevunjika. Nilikuwa natazama ukuta wa ua na kuona jinsi ulivyo mrefu.

Sinan akatokea mlangoni. Amenusa iliki.

"Khalaf, mbona mikeka iko hapa? Mie nimetoka sablani, kumefungwa."

"Sabla haikupatikana."

"Kwa nani haikupatikana?"

Nikamwambia. Tulisema kwa Kiarabu, changu kibovu, chake cha kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho, akasugua pua.

"Bidaa," akasema. "Mama yangu alipokufa, Kaltham alileta mkate ule siku ya arobaini. Baba yangu alipokufa akaleta. Shemeji yangu, akaleta. Hapa mtu akifa, wanawake wetu hawakunji mikeka ya msiba mpaka mkate wa kumimina umefika. Wanasema msiba haujafungwa. Wewe hujui?"

"Nilidhani mnawapa kuku."

"Kuku?" Sinan akanitazama kama mtu asiye na akili. "Ndugu yangu Adam hunipigia simu kila mtu akifa hapa, anauliza mkate utakuwa lini, ili aje."

Akatoa simu akamwita mlinzi wa Muatasim. Sikusikia jibu la upande wa pili. Nilimsikia Sinan tu. "Mwenyekiti gani? Sabla hii walijenga babu yangu na babu yako. Lete ufunguo, au nilale hapa mlangoni, uje unipige picha."

Ufunguo ukaletwa.

Tukahamisha mikeka. Wanaume wa Hail Sidri wakaja mmoja mmoja, kisha makundi, kila mmoja na birika lake la kahawa na sahani ya tende, kama desturi yao. Juzuu zikagawanywa. Wale wazee wa ndani khasa, ambao Muatasim alikuwa akiwaogopa maisha yake yote, walisoma zaidi yetu, maana wanajua zaidi yetu. Mikate ikaingia. Mzee mmoja alikata kipande, akanusa, akasema, "Huu si mkono wake, lakini unatosha." Wenzake wakamkubalia. Nilitoka nje kidogo, nikasimama karibu na viatu. Kisha nikarudi.

Alasiri Muatasim akafika. Kumbe mlinzi alimpigia. Nilidhani kaja kugomba. Sikumjua, hata baada ya miaka yote ile. Kaja na mtu wa kamera, mnene, anahema. Akasimama mlangoni, akaona sabla imejaa, akaona kila mtu ana mkate mkononi, akaelewa kwa mara moja. Hilo nampa, haraka anazo.

Akavua viatu, akaketi katikati, akashika kipande cha mkate usawa wa kidevu. Kamera ikawashwa.

"Enyi ndugu zangu," akasema, "tazameni. Huu ni mkate wa Hail Sidri. Hii ni mila ya babu zetu, haimo katika mji mwengine wowote wa wilaya hii. Anayesema sisi si watu mbali na wao, na aje aone."

Wazee walitazamana. Sinan alikuwa anamwaga kahawa, akaendelea kumwaga mpaka kikombe kikafurika.

Hapo Bi Fakhriya akaja mlangoni na sinia la mwisho. Mwanamke haingii sablani, akasimama kizingitini.

"Mua," akasema. "Njoo unipokee, baba. Na leo pia huniamkii?"

Kamera ilikuwa inamtazama Muatasim, na yeye anaitazama kamera. Akamwinamia yule mnene.

"Zima kwanza," akamwambia.

Ikazimwa. Kisha Muatasim akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili safi cha Kaltham, "Shikamoo, Bi Fakhriya."

Kiswahili wazee wale hawakijui. Lile neno la mwanzo, alilomwambia mnene, alilisema kwa Kiarabu. Hilo walilielewa wote.

"Marahaba," Bi Fakhriya akajibu, maana yeye ana adabu. Sinan akainuka akampokea sinia.

Mie nikenda mpaka mbele ya Muatasim. Nikamwondolea sahani.

Huku kwetu kumwondolea mgeni sahani hajala ni jambo zito kuliko kumtukana mzazi wake. Sikuwahi kulifanya, wala sikuwahi kuona likifanywa.

"Ami," akasema, "sijala."

"Najua."

"Watu wanatazama."

"Basi washa," nikamwambia.

Akainuka, akatafuta viatu vyake. Yule mnene akamfuata, njiani akichukua kipande. Sikumkataza, yeye alikuwa mgeni wa kweli. Tukamaliza khitma. Dua Sinan aliiomba kwa jina lake, Kaltham binti ya baba yake, kwa sauti, ndani ya sabla.

Wiki ile watu walipiga kura kwa simu zao. Muatasim alishinda. Safari hii kura alipata mji ule wa upande wa pili, ule ule asioutaka. Hail Sidri wengi waliacha simu mfukoni. Nasikia sasa kaandika kwa wakubwa kwamba mkate wa kumimina utambuliwe kuwa urithi wa Hail Sidri, na picha yake ameiambatisha, ile ya kabla ya kuzima. Wilaya hatujapata. Ubao upo, mbuzi wapo.

Picha ya Mskoti niliishusha juu ya kabati. Sikuitupa, kosa si lake. Nimeipeleka nyumba ya ghorofa mbili kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakwenda Maskati.

Mwezi wa juzi alikufa mkwe wake Sinan. Siku arobaini zilipokaribia, Sinan akapita mlangoni, akazungumza khabari ya falaji, akazungumza khabari ya bei ya majani ya ng'ombe, hakuondoka. Nikaelewa.

Bi Fakhriya goti limemweka kitandani. Nikaroweka mchele mwenyewe. Nikaumimina, makaa chini, makaa juu. Niliyatia mengi chini. Uliungua.

Nikaupeleka vivyo hivyo. Nikasikia ndani mwanamke anasema, umefika, kunjeni mikeka.